Filamu Iliyotugombanisha Xintang

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun, nikienda kumpokea mfanyabiashara mgeni kutoka Mwanza. Aliyeniletea ujumbe ni yule aliyebishana naye kuliko sisi sote, Mzanzibari mmoja wa makamo ambaye amekuwa akinunua nguo hapa Guangzhou kwa miaka mingi. Aliandika kwamba Mwalimu ametutoka, amefia kwao Songea baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwamba wiki moja tu kabla ya hapo walikuwa wakibishana kwa simu. Nilidhani ningelia. Badala yake, nawaungamia wasomaji wangu, moyo ulianza kunienda mbio kama wa mtu aliyekumbushwa siku bora kuliko zote alizowahi kuishi ugenini. Mnaonifuata katika safu hii mnajua kwamba siandiki habari za filamu. Leo nitaandika, maana huwezi kumweleza mama huyu bila filamu yake.

Tulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha historia sekondari kabla hajaingia kwenye biashara ya suruali za jinzi. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, mtu wa kanisani kila Jumapili, na mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: filamu moja. Alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam aliona filamu ya zamani katika ukumbi wa utamaduni wa ubalozi fulani. Nusu ya watazamaji walitoka kabla haijaisha, na waliobaki wakagombana mpaka mlangoni. Iliongozwa na Mzungu wa Ulaya aliyevuka bahari kwenda kuwatazama vijana wa Marekani walioasi, wale waliofuga nywele, wakakataa vita na kazi za ofisini, wakavaa jinzi kwa sababu ilikuwa nguo ya vibarua, na kuwaambia wazazi wao kwamba wameuza roho zao kwa majokofu na magari. Mimi kazi yangu hapa ni ukalimani. Nikitembea naye barabara ya Guangyuan Xilu, kwenye yale maghorofa ya nguo za jumla, tukiwapisha wachukuzi na marobota yao, alikuwa akinisimulia kipande kimoja kila safari, nami nikawa naingoja filamu nisiyowahi kuiona.

Aliyeipata mwishowe ni mwanamke wa Kichina, mwenye karakana ya jinzi kule Xintang, mji wa viwanda pembezoni mwa Guangzhou, ambako Mwalimu alikuwa akiagiza mzigo wake. Mwalimu alimwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wote, lakini kwa sauti ya mtu anayemwita dada. Siku moja nilipokuwa nikiwatafsiria habari za vifungo na zipu, Mwalimu akachepuka na kumweleza ile filamu. Laoban alisikiliza, akaniuliza jina lake mara mbili, na safari iliyofuata alikuwa ameipata, ina maandishi ya Kichina chini. Wakapanga Jumapili mchana. Tukafika wafanyabiashara kumi na wawili, baadhi wakiwa bado na nguo za ibada; washonaji wakasogeza cherehani, wakatundika kitambaa cheupe ukutani, na sote tukaketi juu ya mafungu ya jinzi. Washonaji walisoma Kichina chao, Mwalimu akasimama pembeni akitutafsiria Kiingereza kwa Kiswahili, na uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

Nisiwafiche, filamu yenyewe ni ngumu. Kijana na mpenzi wake wanaokota vitu vilivyotupwa na watu wa mjini, televisheni, viti, majokofu, wanavipandisha kwenye kilima kikavu na kujijengea nyumba. Vijana wenzao wanawafuata. Kisha yanafika mabasi ya watalii wenye kamera, na watalii hao hawataki kitu kingine ila zile suruali zilizochanika walizovaa vijana. Mmoja baada ya mwingine, vijana wanaziuza, wanavaa nguo mpya na kuteremka mjini. Msichana anabaki peke yake, ameketi juu ya jokofu, na kwa dakika nyingi hakuna kinachotokea ila upepo. Wenzetu watatu walikuwa wameshatoka kuvuta sigara. Mmoja alisinzia. Mimi nilikuwa nimeukaza mwili mzima kama mtu anayetazama penalti.

Taa zilipowashwa, Mzanzibari ndiye aliyeanza. Huyu ndiye aliyegawana kontena na Mwalimu nusu kwa nusu. Alisema kwa upole wake wa kawaida kwamba amepotezewa mchana, kwamba vijana wale walikuwa wanacheza umaskini, na kwamba kwao Unguja mtu akipata jokofu hulifunika kitambaa cha kufuma. "Mwalimu, mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alimwambia. "Anayetupa ni aliyeshiba." Mwalimu akamjibu kwamba filamu inasema hivyo hivyo, ila yeye ameichukia kabla ya kuielewa. Basi pakawaka. Mwenzetu kutoka Moshi akasema yule msichana ndiye mwenye akili, mwingine akasema ndiye mjinga kuliko wote, washonaji nao wakaanza yao kwa Kichina, na mimi katikati nikitafsiri pande zote mpaka koo likakauka. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Watu ambao kila siku huzungumzia bei na saizi tu walikuwa wakigombea maana ya maisha.

Ndipo mama mmoja, mfanyakazi wa karakana, akaomba filamu irudishwe nyuma kidogo, pale watalii wanapozishika suruali. Akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye goti la kijana. Alizungumza polepole ili nisikosee. "Hawa walivaa mpaka zikachanika," alisema. "Sisi tunazichana mpya. Mimi nasugua magoti kwa msasa tangu asubuhi mpaka jioni." Nilipomaliza kutafsiri, Mwalimu alimgeukia Mzanzibari. Mzigo wa Mwalimu na Mzanzibari, ule waliokuja kuukagua, ulikuwa wa jinzi za magoti yaliyosuguliwa na kuchanwa, kwa kuwa ndizo vijana wa mjini kwetu walizokuwa wanazitaka.

Mwalimu aliomba aonyeshwe chumba cha kusugulia. Miaka yote aliyonunua pale hakuwahi kukiingia; sampuli huletwa mezani pamoja na chai. Laoban alisita, kisha akatangulia. Mwalimu akamwomba Mzanzibari afuatane naye, nami nikaenda. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya karakana, vumbi la buluu limeganda kwenye dirisha, kwenye feni iliyokufa, kwenye barakoa chache zilizotundikwa msumarini. Hatukukaa dakika tano, tukatoka tunakohoa. Mwalimu akaniambia nimwulize laoban kama mzigo uliobaki unaweza kushonwa mzima, bila kusuguliwa. Mzanzibari alimshika mkono na kumkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba wateja watawakimbia na kwamba yeye ana familia kama Mwalimu alivyo na familia. Mwalimu akamwambia nusu yake ni yake, afanye atakavyo; yeye hawezi tena kuuza magoti yale. Mzanzibari alikwenda nje, akazunguka uwanja mara mbili, akarudi. "Na yangu ziwe nzima," alisema. "Lakini filamu ni mbaya."

Mambo hayakwenda kama hadithi za kutia moyo. Jinzi zile zilidoda Kariakoo, vijana wakiuliza mbona hazina mitindo. Mwalimu alizipeleka kusini mwenyewe, akawauzia mafundi wa magari na wakulima wa kahawa wa Mbinga waliotaka suruali isiyochanika, na tangu hapo akawa mfanyabiashara mdogo zaidi na mwenye wateja wengine kabisa. Kile chumba hakikufungwa, kwa maana wanunuzi wengine waliendelea kuagiza. Lakini laoban aliweka feni mpya, na yule mama aliyezungumza alihamishiwa kwenye cherehani kwa ajili ya mzigo ule, na hakurudishwa kwenye msasa. Nilimkuta pale mwezi uliopita, akaniuliza Mwalimu yu wapi. Sasa itanibidi niende nikamwambie.

Nimesikia wasomi wakisema kazi ya sanaa inayowagawa watu imeshindwa, maana haikueleweka. Mimi niliyekuwapo nasema sivyo. Ingetupendeza sote, tungepiga makofi, tukapanda basi tukarudi mjini. Ilitugombanisha, na katika ugomvi ule mfanyakazi ambaye hatukuwahi kumwuliza neno akapata nafasi ya kusema, na mnunuzi akatembea hatua ishirini ambazo hakuwahi kuzitembea. Sisi tunaonunua, na leo nani hanunui, tumezoea kuulizana bei tu. Mwalimu alinifundisha kuuliza swali la pili: kimetengenezwaje, na nani? Ukishauliza hutakuwa malaika, na huenda ukapata hasara. Ila utakuwa umekijua kitu ulichokivaa, na mtu aliyekishona atakuwa amejulikana nawe.