Kinyozi Aliyekunja Wembe

Rakhmaji alikuwa kinyozi wa mtaa wa Wabrahmini, Wahindu wa tabaka la juu, kama baba yake kabla yake, na kazi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa ile ya uani. Na ile ya barazani hakuwa na ugomvi. Wanaume waliketi, wakainamisha vichwa, akawanyoa na kuwaachia kishungi cha nywele kisogoni, wakampasha habari za mji wa Pune na za mvua, naye akacheka palipostahili kucheka. Lakini mwanamume wa nyumba akifariki, haukupita muda Rakhmaji aliletewa salamu kwamba apite mlango wa nyuma, aje na wembe wake. Huko nyuma, kando ya zizi la ng'ombe, alimkuta mjane wa marehemu ameketishwa chini, bangili zimekwisha kuvunjwa, uso umemvimba kwa kulia. Alizilowesha nywele zake na kuzinyoa hadi ngozi ikabaki tupu. Tangu hapo mwanamke yule alikuwa mtu wa sari nyekundu isiyo na urembo, wa mlo mmoja kwa siku, na ukikutana naye njiani asubuhi ulihesabu kwamba umepata mkosi.

Miaka mingi Rakhmaji aliifanya kazi hiyo pasipo kutia neno. Hasira yake aliipeleka nyumbani.

"Ukitoka kule huongei, unabweka," mkewe Gojra alimwambia siku moja, akimsogezea mkate wa mtama na kitunguu. "Mimi ndiye niliyekutuma?"

"Kula chakula chako, mwanamke."

"Mimi nakula. Wewe ndiye unayekikodolea macho kama kimekutukana."

Msomi mkubwa wa mji ule alikuwa Wakili Narsopant. Mwaka ule, mvua zilipokwisha, alisimama katika ukumbi wa shule akahutubia juu ya wajane. Rakhmaji hakuwa mtu wa kuingia ukumbini, lakini madirisha yalikuwa wazi, akasimama nje na wenzake akasikiliza. Wakili alisema vizuri. Alisema mabinti zetu tumewafanya maiti wanaotembea, na kwamba mkono unaomnyoa mtoto wa kike ni mkono wa mchinjaji. Wazee wawili watatu walijifuta macho. Rakhmaji aliusikia moyo wake ukimwenda mbio, maana mkono ule ulikuwa wake, lakini hakukasirika. Alirudi kwake mwepesi kama kijana. Alimwambia Gojra kuwa kazi ya uani ina mwisho sasa, wenyewe wamekwisha kuona aibu.

Haukupita mwezi, akaitwa mlango wa nyuma wa nyumba ya Wakili mwenyewe.

Aliyekuwa ameketishwa chini ni Thaki. Alikuwa mke wa mdogo wake Wakili, kama mtu aweza kuitwa mke kwa kuozwa akiwa mtoto wa kucheza na vifuu. Mumewe alikufa kwa homa huko masomoni kabla msichana hajachota hata mtungi mmoja wa maji jikoni mwake. Kwa kuwa alikuwa mdogo, walimvua bangili tu, nywele wakamwachia, akalelewa pale kwa wakwe zake. Rakhmaji alimjua vizuri. Alikuwa mtoto mwenye ulimi; Wakili alipokuwa akinyolewa barazani, yeye alikuwa akiegemea nguzo na kusema kichwa cha shemeji yake kinafanana na boga. Sasa alikuwa amevunja ungo, na mama mkwe alikuwa amesema nywele zile haziwezi kulala ndani ya nyumba ile tena.

Shangazi wawili walimshika mabega. Wakili alisimama mlangoni, amegeuzia uso upande wa ng'ombe.

Rakhmaji alifanya kama mikono yake ilivyozoea. Alilowesha, akaweka wembe juu ya sikio la kulia, akavuta. Nywele zilianguka kwa mafungu mazito. Msichana hakulia. Alipokuwa amenyolewa upande mzima, aliinua macho.

"Rakhmaji, ukifa wewe, mkeo atanyolewa?"

"Nyamaza, binti."

"Nakuuliza tu. Atanyolewa?"

"Hapana," alisema Rakhmaji. "Kwetu sisi mjane hanyolewi. Akitaka huolewa tena."

"Basi mimi nimemkosea nani?"

Mmoja wa shangazi alimfinya. Rakhmaji aliondoa wembe kichwani. Akaufuta kwenye paja lake, akaukunja.

"Maliza," Wakili alisema bila kugeuka.

"Simalizi, bwana."

Sasa Wakili aligeuka. "Unasemaje?"

"Nilikuwa dirishani siku ile, bwana. Nilikusikia. Ulisema mkono wa mchinjaji. Basi huu hapa mkono, lakini kisu umekishika wewe."

Uso wa Wakili ulibadilika rangi. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto. "Yale ni mambo ya mkutanoni, Rakhma. Haya ni ya nyumbani. Mama yangu ana siku mbili hajatia kitu kinywani kwa sababu ya nywele hizi. Unataka nimuue mama yangu kwa ajili ya hotuba?"

"Unayemuua ameketi hapa chini."

Ndipo Wakili, aliyejulikana mji mzima kwa upole wake, alipovua kiatu chake cha mti akampiga nacho usoni. Rakhmaji alitoka kwa mlango ule ule wa nyuma, damu ikimchuruzika puani. Njia nzima hakuusikia uchungu. Alisikia moto tu, tangu tumboni hadi masikioni, na kwa mara ya kwanza hakuupeleka kwa Gojra. Aliketi kizingitini akamweleza yote.

Gojra alilowesha kitambaa akamfuta. "Mavuno haya Wabrahmini hawatatupa fungu letu la nafaka," alisema. "Unajua hilo."

"Najua."

"Basi usije ukaanza kunibwekea tukiwa na njaa."

Siku iliyofuata Wakili alimleta kinyozi wa kijiji cha pili, na Thaki akamaliziwa upande uliobaki. Kinyozi huyo alikuwa Ladu, binamu yake Rakhmaji.

Rakhmaji aliposikia alikwenda hadi kwa Ladu mchana kweupe, akamkuta ananoa nyembe, akampiga ngumi ya kinywa. Walibiringishana uani mpaka kuku wakakimbilia juu ya paa. Wake wa majirani waliwatenganisha kwa maji ya mtungi.

"Umechanganyikiwa?" Ladu alisema, akitema damu. "Wewe ndiye uliyeikataa kazi. Nami niikatae, halafu? Wataita mwingine. Wataita mpaka wa kule milimani. Umemsaidia nini yule mtoto? Niambie. Ulimwacha upande mmoja kipara, upande mmoja nywele, ukaenda zako kujisikia mtu mwema."

Neno hilo lilimchoma Rakhmaji kuliko kiatu cha Wakili, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikaa pale katika tope, nguo zimelowa.

"Kama tungekataa wote, je?" alisema.

"Wote akina nani?"

"Vinyozi wote. Wa mto huu wote, huku na ng'ambo."

Ladu alicheka, ingawa mdomo ulimuuma. "Vinyozi hawajawahi kukubaliana hata juu ya namna ya kunoa wembe."

Lakini hasira ya Rakhmaji ilikuwa imepata kazi ya kufanya. Nyumbani kulikuwa na njaa kweli. Barazani hapakuwa na aliyemwita, na dukani aliuziwa unga wenye wadudu. Gojra alikwenda kupalilia mashamba ya watu. Yeye alikwenda na mfuko wake wa nyembe kila palipokuwa na gulio, akawanyoa wakulima kwa chochote walichokuwa nacho, na huku akinyoa akawatafuta vinyozi wenzake. Hakuwa msemaji mzuri. Hakujua maandiko. Alichojua ni kuuliza swali moja, naye aliliuliza kwa ukali kama anayedai haki yake: "Mjane wa mwisho uliyemnyoa alikuwa na umri gani?" Wengine walimfukuza. Wengine walisema wembe hauna macho, kazi ni kazi. Mzee mmoja alimjibu kwa kutaja jina la msichana, kisha akashindwa kuendelea kunoa.

Ikachukua misimu kadhaa. Katika sikukuu ya mungu Khandoba, pale mlimani ambapo watu hurushiana unga wa manjano mpaka ngazi za hekalu zinageuka dhahabu, vinyozi wa vijiji vyote vya bonde lile walikusanyika nyuma ya vibanda vya peremende. Walibishana asubuhi nzima. Ladu ndiye aliyeumaliza ubishi. Alisimama akasema yeye alimnyoa mtoto wa kwa Wakili, na kwamba tangu siku hiyo mkewe anapomsuka binti yao nywele, yeye hutoka nje. Hakusema zaidi. Walichota manjano, wakaapa mmoja mmoja kwamba hawatanyoa tena kichwa cha mjane, na atakayevunja kiapo hatakaribishwa kwenye harusi wala hatachukuliwa maiti yake.

Wabrahmini walijibu kwa kuwatenga vinyozi wote. Kwa muda mji ule ulikuwa kichekesho. Waheshimiwa walijinyoa wenyewe, wakapita sokoni na madoa ya damu kwenye mashavu, vishungi vimekaa upande. Hakuna aliyethubutu kuwacheka mbele yao ila Gojra, aliyecheka kwa sauti akiwa na jembe begani.

Aliyekuja kumtukana Rakhmaji mlangoni kwake hakuwa Wakili. Alikuwa bikizee Kashi, mama wa kuhani, mjane tangu enzi za babu. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe na fupi kama majani ya kiangazi.

"Toka nje, mwana wa laana," alisema. "Ninyoe."

"Siwezi, mama. Nimeapa."

"Umeapa. Na mimi je? Mwanangu haruhusu niguse sufuria. Chakula cha mungu nilichokipika miaka yote hii, leo nikikaribia jiko na nywele hizi wananiita najisi. Umeninyang'anya kitu cha pekee nilichokuwa nacho. Nani alikuomba huruma yako?"

Rakhmaji hakulitarajia hilo. Alichuchumaa mbele ya yule bibi, akamuuliza kwa upole, "Walipokunyoa mara ya kwanza, mama, ulitaka?"

"Nilimuuma baba yako mkono," bikizee alisema. "Nilimuuma mpaka meno yakagusa mfupa. Wakanifunga kwenye nguzo."

Kisha akaendelea kumtukana Rakhmaji palepale. Akamtukana na baba yake, akamtukana na mume wake aliyekufa, akamtukana na mwanawe kuhani kwa jina, mtaa mzima ukisikia, mpaka sauti ikakauka. Gojra alimtolea maji kwenye kata. Mwanamke wa Kibrahmini hanywi maji ya nyumba ya kinyozi. Aliitazama kata ile, akainywa yote, akaenda zake. Hakurudi kuomba kunyolewa.

Kwa kuwa hakuna aliyenyoa, nywele za wajane ziliota, na majumbani watu wakazoea, kwanza kwa manung'uniko, baadaye bila neno. Nyumba ya Wakili ilikuwa ya mwisho kuzoea. Walimfungia Thaki chumba cha nyuma ili wageni wasimwone, mpaka mjomba wake mmoja alipokuja kumchukua, akampeleka Pune kwenye shule ya wajane, naye akasomea ukunga.

Miaka mingi baadaye mji ulimfanyia Wakili Narsopant sherehe. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba katika bonde lile desturi ya kunyoa wajane ilikomeshwa kwa juhudi zake. Palijengwa jukwaa, pakaletwa mashada ya maua, na Thaki akaalikwa kutoka Pune akae kando ya shemeji yake ili watu wamwone.

Alikuja. Lakini hakwenda jukwaani. Ngoma zilipoanza, Rakhmaji alimwona mwanamke mwenye sari nyeupe na nywele zilizofungwa kisogoni akiingia uani mwake, akavuta kigoda cha kunyolea akakaa bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Rakhmaji."

"Ndiye mimi, binti."

"Nilikuwa nataka kukwambia jambo tangu zamani. Uliniacha nusu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulikunja wembe ukaondoka, na wao wakaniletea kioo ili nione nilivyo. Walicheka. Watoto waliitwa kuja kunitazama. Usiku kucha nilikuwa vile. Nilikuchukia kuliko shemeji, maana kwake sikutegemea kitu."

Rakhmaji alikuwa mzee sasa. Alitaka kusema juu ya magulio, njaa, manjano. Akaona yote hayo hayajibu alichoambiwa.

"Ni kweli," alisema.

"Najua ni kweli. Nilitaka nikusikie ukisema." Alivuta pumzi ndefu. "Habari za kiapo chenu nilizisikia baadaye, huko Pune. Ziliniudhi pia. Nilitaka kuendelea kukuchukia kwa raha zangu."

Gojra, aliyekuwa mekoni, aliangua kicheko. "Huyu mchukie tu, mwanangu. Mimi namchukia mara moja kila juma." Akaleta mikate ya mtama na pilipili iliyopondwa na vitunguu saumu, akaiweka katikati. Thaki akala nao. Huko jukwaani Wakili alikuwa ameanza kushukuru, na upepo uliwaletea maneno mawili matatu: huruma, mwanga, mabinti zetu.

"Hukwenda kumwambia?" Thaki aliuliza. "Kwamba ni uongo?"

"Nilikwenda jana, mbele ya kamati ya sherehe," alisema Rakhmaji. "Waliniambia nitapewa heshima ya kushika taa jukwaani." Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Niliwaambia waishike wenyewe, na ikiwaunguza vidole wasiniite."

Asubuhi Thaki alipanda gari la ng'ombe kurudi Pune. Rakhmaji hakuwepo kumuaga. Alikuwa ameambiwa kuwa katika kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto kuna kinyozi kijana aliyemnyoa mjane kwa siri, na tangu alfajiri alikuwa njiani, fimbo mkononi, akizungumza peke yake kwa sauti kubwa yale atakayomwambia.