Kumpima Haidar

"Mjomba, kweli hukujua Séverin alikuwa anasema nini?"

Kauthar alimuuliza mjomba wake Msabaha swali hilo Desemba ya 2005, yeye yuko darasa la sita, mguu mmoja ndani ya ofisi ya mizigo kule Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, mguu mmoja nje. Msabaha alikata utepe kwa meno, akafunga katoni ya viatu, akasema, "Nenda, mama yako anakuita." Mama yake, Kazija, alikuwa ng'ambo ya mji akinunua vitambaa. Angemwita vipi?

Msabaha alikuwa mtu wa kupima. Miaka sita Guangzhou, kazi yake ilikuwa kufunga na kupima mizigo ya watu, ya ndege na ya meli, na mazoea yale yalimganda. Ukipita na tikiti maji, atakutajia kilo zake. Kauthar alipowasili likizo ile, mjomba alimtazama juu mpaka chini kabla hata ya kumwitikia shikamoo: "Umeongezeka kilo nne tangu Idi."

Siku moja tu kwa wiki hakupima kitu, nayo ni Jumapili. Jumapili alicheza mpira wa magongo, mchezo aliokulia nao Unguja. Alikuwa ameunda timu ya Sanyuanli, wakichezea kiwanja cha saruji cha shule moja, na senta wao alikuwa shemeji yake, Haidar, mdogo wa mkewe. Haidar aliletwa China ana miaka kumi na tisa. Miaka mitatu sasa alilala kwenye kochi la Msabaha, akabeba mizigo ya Msabaha, akala kwa Msabaha. Maneno yake yalikuwa mawili: "Naam, shemeji." Lakini mpe gongo! Mechi nane, mabao kumi na moja.

Mahasimu wao walikuwa timu ya Kangle, mtaa wa viwanda vya kushona. Bosi wa timu hiyo alikuwa Séverin, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuja kununua sare za shule. Magongo hakuyajua kabisa kwao. Aliyajulia hapo hapo China, kwa kuwashonea wachezaji jezi. Senta wa Kangle alikuwa Mkenya, Rotich, mtu mpana kama mlango wa ghala.

Jumatano moja Séverin akaingia ofisini, Rotich nyuma yake.

"Mukubwa Msabaha, unipatie Haidar nimupime. Miye nakupatia Rotich, nawe umupime."

Ofisi nzima ikawaka. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya timu hizo mbili kukutana.

"Haidar kwa Rotich?" Kazija alikuwapo siku hiyo, akasimama na kifurushi chake kichwani. "Huu ni wizi wa mchana! Huyu Rotich kafunga bao moja tu, na hilo lilimgonga gotini, refa kafumba macho."

"Mama Kauthar, tulia," akasema Kimani, muuza viatu, Mkenya naye. "Senta ni kufunga tu? Senta ni kugawa mpira na kuziba njia. Muulize Msabaha: ndege inalipisha kilo tu? Si inalipisha na nafasi unayokula? Sasa Rotich anakula nafasi. Nani amewahi kumpita?"

"Mimi," akasema Haidar kwa sauti ndogo.

Watu wakacheka, Rotich akacheka kupita wote. "Mara mbili! Ya tatu nilikukalia."

Kauthar aliwageukia huyu na huyu. Je, anayefunga ni ghali kuliko anayezuia? Anayejua bei ya mtu ni nani?

Msabaha hakubishana. Alisogeza katoni, akaonyesha ile mizani kubwa ya chini. "Amesema tuwapime. Pandeni."

Haidar akapanda. Kilo hamsini na saba. Akapanda Rotich, bati likalia. Tisini na moja.

"Basi nimepata kilo thelathini na nne za bure," akasema Msabaha. "Chukua Haidar, ni wako."

Séverin akajishika kichwa. "Ehh! Mutu si muchele, mukubwa! Kwetu kupima ni kujaribu! Nilitaka acheze na sisi siku ya Mungu hii tu, Jumapili, nimuone."

"Kwangu mzigo ukishapimwa umepokewa. Haurudi."

Kesho yake Haidar alichukua begi lake akahamia Kangle, ambako Séverin alimpa na kazi ya kukagua sare. Hakungoja hata chai. Mke wa Msabaha alikaa siku tatu hasemi na mumewe. Jumapili Kangle wakashinda matatu kwa moja, Haidar mawili, na mtaa mzima ukasema Msabaha kamtupa shemeji yake kwa kutojua Kiswahili.

Hapo ndipo Kauthar alipoingiwa na shaka. Kila siku Wakongo walikuja pale ofisini, wanavaa viatu kabla havijafungwa, wakisema "nipime hiki, nipime kile." Mjomba alikuwa anawapa kiatu. Hakuwahi kuwapa mizani. Ndiyo maana akauliza lile swali, akaambiwa mama anamwita.

Alirudi Guangzhou Desemba ya 2009, yuko kidato cha tatu. Haidar sasa alikuwa na karakana yake Kangle, cherehani nane, na Ijumaa alikuja kula kwa dada yake, akimtania Msabaha kwa sauti kubwa: "Shemeji, umekwishajifunza Kikongo?" Msabaha alicheka tu. Haidar alipotoka, Kauthar akarudia swali lake, neno kwa neno.

Msabaha alitazama mlango kwanza.

"Nilijua tangu neno la kwanza. Lakini Séverin alipolitaja jina lake, nilimtazama Haidar usoni. Miaka mitatu ananiitikia naam, naam, na ndani ya ile naam hamna mtu. Siku ile nilimwona mtu. Sasa ningemwambia nenda, angesema nimemfukuza. Ningemwuliza unataka kwenda, angeona haya, angebaki. Bora aone shemeji yake mjinga, mwanangu. Ujinga husameheka."