Waliokaa Kuzunguka Kiwanja

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka upande wa Bertrams, hapa hapa Johannesburg. Robot ya kona ya juu, taa za kuongoza magari, ilikuwa imekufa, magari yamesongamana, nikakata kushoto nikajikuta katika mtaa niliokulia. Sikukusudia. Nadhani wewe pia, rafiki yangu, una mtaa wako ambao miguu yako inaukwepa bila kuambiwa. Nikasimamisha gari mbele ya kiwanja. Siku hizi wamekizungushia uzio wa vyuma vyenye ncha, na kufuli la geti limeshika kutu. Ndani nyasi zimeungua. Upande wa bondeni pana vibanda vya nailoni, na magunia ya chupa za plastiki yamepangwa vizuri kama bidhaa dukani. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo juu ya uzio aliniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana.

Enzi zetu hakikuwa na uzio. Kilikuwa kipande cha nyasi kinachoteremka, kikubwa kidogo kuliko uwanja wa mpira, na mitaa minne imekizunguka. Juu palikuwa na mstari wa mikaratusi, chini palikuwa na mabenchi mawili ya saruji na mfuniko wa chuma wa mtaro. Ukilaza sikio juu ya ule mfuniko ulisikia maji yakipita chini ya ardhi. Watoto tulipanga foleni kuyasikiliza.

Sisi tulikaa nyumba ya tatu kutoka kona, nyumba ya zamani ya bati iliyogawanywa kwa mbao ikawa ya familia tano. Chumba cha mbele kilikuwa chetu: mama, bibi na mimi. Mama alisuka nywele Yeoville, akitoka asubuhi kwa miguu na kurudi vidole vimevimba. Bibi ndiye aliyenilea. Alitoka Lubumbashi, na kwao bibi huitwa kambo. Watanzania wa nyumba ya pili walicheka kila niliposema kambo yangu, kwa sababu kwao mama wa kambo ni mama wa kufikia. Bibi aliwajibu kwamba kama ni wa kufikia, basi amefikia, na haendi popote.

Mvua ya kwanza ya kiangazi cha huku ilipomkuta, alishuka kiwanjani akarudi amekasirika. Lengalenga, mchicha wa kwao, ilikuwa imeota kila mahali, mbichi, majani laini, na watu wanapita juu yake. Alisema ameziona nchi nyingi lakini hajaona nchi ambayo watu wanakanyaga mboga. Kesho yake alikwenda na beseni, akawakuta akina mama wa Kizulu wameshamtangulia, nao wakichuma. Wao waliita imbuya. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja, lakini walionyeshana majani, hili bado changa, hili limekomaa, wakacheka. Jioni nyumba nzima ilinuka karanga zilizosagwa na lengalenga ikichemka, na bibi akisonga bukari, ugali wa kwao, huku akisema shamba lisilo na mwenyewe ndilo linalolisha wengi.

Mwalimu aliishi gereji ya nyuma. Alikuwa mtu wa Uvira, mashariki ya Kongo, mwembamba, na kwao alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Hapa alilinda magari kwenye maegesho ya maduka. Jumamosi asubuhi alikuwa na nafasi, na Jumamosi hizo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Alikuwa amegundua kwamba watoto wa mtaa tunawasikia wazazi wetu lakini tunawajibu kwa Kiingereza. Akapita chumba kwa chumba akiwaambia akina mama kwamba mtoto asiyeweza kujibu kwa lugha ya kwao atakuwa mgeni nyumbani kwake. Wakamkabidhi watoto tisa. Tulikaa kwenye nyasi karibu na mabenchi, yeye ameshika kipande cha boksi na kalamu nene.

Mwanzoni alitufundisha kwa kumbukumbu ya vitabu vya kwao. Tukachoka, naye akaona. Jumamosi moja akaweka boksi chini, akatazama mitaa ile minne, akasema kitabu chetu kitakuwa hiki kiwanja. Alitutuma wawili wawili tubishe hodi kwenye nyumba na kuuliza nani aliwahi kukaa pale, walifanya kazi gani, kiwanja kilikuwaje. Tuliuliza kwa Kiingereza au Kizulu, tukaandika kwa Kiswahili katika daftari moja kubwa la jalada gumu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu, kwa hiyo daftari nilitunza mimi. Nililala nalo chini ya mto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwahi kukabidhiwa kitu kikubwa namna ile.

Aliyetupa habari nyingi alikuwa mjane wa Kireno wa nyumba ya kona. Alikuwa na mzabibu uliofunika baraza lote, zabibu zake chachu, na alitugawia kila tulipokwenda. Alikuja mtaani akiwa bibi harusi. Alituambia kwamba zamani muuza maziwa alichunga ng'ombe wake pale kiwanjani, na kwamba yale maji ya chini ya mfuniko yalikuwa kijito cha wazi kabla ya kufunikwa kwa saruji. Katika nyumba yetu alikaa fundi wa suti, Myahudi, aliyeshona huku milango iko wazi ili asikie watu. Na kabla ya hapo, mama mkwe wake alimsimulia, mtaa wa bondeni ulikuwa wa watu weusi na Wahindi, na siku moja walipakiwa kwenye malori na vitanda vyao.

Mwalimu aliposoma ukurasa huo aliniuliza walipelekwa wapi. Nikarudi mbio kuuliza. Mjane hakujua. Nilikuja na aibu nikidhani nimeshindwa kazi.

"Andika hivyo hivyo," akaniambia. "Andika kwamba hajui. Nalo hilo ni sehemu ya habari."

Wiki ya mwisho ya masomo yetu, mwanzoni mwa baridi, mtaani kulikuwa na maneno. Maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa mitaa ya mbali, kisha mitaa ya karibu. Spaza ya Watanzania, kiduka chao cha mtaani, ilifungwa mchana. Mama alinikataza kutoka, lakini Jumamosi alikwenda kazini kama kawaida, na mazoea yakanishinda, nikachukua daftari nikashuka. Wenzangu walishuka vilevile. Mwalimu alipotukuta pale hakufurahi. Alikuwa amekuja kuhakikisha hatupo.

"Leo hakuna somo," alisema. "Rudini nyumbani. Sasa hivi."

Tulikuwa tukisimama tulipowaona. Walitokea mtaa wa bondeni, wanaume wengi, wameshika fimbo na vyuma, na walikuwa kati yetu na nyumba yetu. Mjane wa Kireno alikuwa ameshafungua geti lake, amesimama pale na aproni, anatuita kwa mkono. Mwalimu alisema kwa sauti ya darasani kabisa tuingie mle, tutembee, tusikimbie, na yeyote atakayesemeshwa ajibu kwa Kizulu. Wenzangu wakatembea. Mimi nilikuwa nimeacha daftari kwenye benchi. Nikageuka kulichukua, na yeye, badala ya kwenda, akanisubiri.

Nimelirudia hilo mara nyingi. Alinisubiri.

Walitufikia. Mmoja aligusa kiwiko chake akamwuliza mwalimu kinaitwaje kwa Kizulu. Mwalimu alikuwa ameishi Johannesburg miaka sita na alijua kusalimia na kuhesabu, lakini kiwiko hakukijua. Yule mwanaume akanigeukia mimi, bila ukali, akaniuliza kwa Kizulu huyu ni nani wangu. Kizulu changu kilikuwa cha uwanja wa shule, hakikuwa na doa.

"Angimazi," nilisema. Simjui.

Akaniuliza basi nafanya nini naye. Nikasema napita tu. Kizulu hicho mwalimu alikielewa, kwa maana nilimwona akinitazama, kisha akatazama chini. Yule mwanaume alinishika kichwa kama baba yeyote, akasema nenda nyumbani, mtoto. Nikaliacha daftari pale pale. Nikatembea, sikukimbia, kama nilivyofundishwa, mpaka kwenye geti la mjane. Nyuma yangu nilisikia. Sitakueleza nilichosikia.

Hakufa. Alilazwa hospitali, akapoteza jicho moja, kisha akapelekwa kwenye mahema waliyowekewa watu waliofukuzwa. Daftari lilipasuka, kurasa zikatawanyika nyasini kwa siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kushuka kuziokota. Bibi alimpelekea mwalimu chakula kule kwenye mahema. Alitaka twende wote, nikasema tumbo linaniuma. Aliporudi aliketi kitandani, akavua kitambaa cha kichwa.

"Mwalimu anauliza kama ulifika salama," aliniambia.

Wenzangu walikuwa ndani ya nyumba ya mjane, hawakusikia kitu. Hakuna aliyejua nilichosema isipokuwa mimi na yeye. Nilingoja apone arudi gerejini ili nimwambie, ingawa sikujua ningemwambia nini. Hakurudi. Siku moja mahema yaliondolewa na watu wake wakasambaa, na jirani mmoja akasema amepanda basi la kaskazini.

Tangu Jumamosi ile Kiswahili hakikutoka tena kinywani mwangu. Sikuapa, kilikataa tu. Bibi alinisemesha kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza, miaka saba, katika chumba kimoja. Alijifunza kunielewa kama alivyojifunza majira ya huku. Siku alizokuwa mahututi aliniomba nimgeuze upande wa dirisha. Nikamgeuza, nikamwuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia muuguzi asiyemfahamu. Nilianza kukisema tena baada ya mazishi, wakati hakuna wa nyumbani aliyebaki kunijibu isipokuwa mama, naye alikuwa ameshazoea Kiingereza changu.

Mitaa nayo iliondoka mmoja mmoja. Mjane alikufa na watoto wake wako ng'ambo. Nyumba yake ilivuliwa madirisha kwanza, halafu milango, halafu bati, na mzabibu ukang'olewa kwa ajili ya nguzo zake. Nyumba yetu iliungua. Pale ilipokuwa sasa pana ghala la matairi. Watanzania walihamia Durban. Mikaratusi ilikatwa, na mfuniko wa mtaro uliibwa kwa chuma chake, shimo likazibwa kwa zege.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nasukwa Yeoville, na msusi akawa mtu wa Uvira. Nilimtaja mwalimu kama mtu anayetaja kitu ili kupitisha wakati. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Alimjua, mwalimu alikuwa jirani wa dada yake.

"Alifika nyumbani," alisema. "Lakini hakufundisha tena, jicho lilimsumbua. Amefariki, dada, mwaka wa nne huu."

Nikamwuliza kama alikuwa akizungumzia huku.

"Sana. Alikuwa na wanafunzi kiwanjani, watoto tisa. Alisema siku aliyopigwa hakuguswa hata mmoja. Hilo alilirudia mpaka watu wakachoka."

"Alitaja jina la yeyote?"

"Hapana." Akaendelea kusuka kidogo, kisha akainama kunitazama kwenye kioo. "Kwani wewe ulikuwa mmoja wao?"

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, hakuna aliyenishikia fimbo, redio inapiga, mwanamke ananitazama kwa upole. Nikamwambia hapana, nilisikia tu habari zake.

Kwa hiyo nimeandika hapa ninachokumbuka: ng'ombe wa muuza maziwa, kijito, fundi wa suti, watu wa malori ambao hakuna anayejua walipelekwa wapi, akina mama na mabeseni yao ya lengalenga, watoto tisa na mwalimu wao. Ni kidogo kuliko kilichokuwa kwenye daftari, na mengine huenda nimeyakosea, maana waliokuwa na uwezo wa kunisahihisha wote wamekufa au wametawanyika. Watoto ninaowaona nje ya ghala la matairi wanadhani mahali pale palizaliwa na uzio wake. Siwalaumu. Nilikaa garini mbele ya geti lile mpaka dereva mmoja akanipigia honi nimpishe. Kiwanja kimefungwa, na hata wangekifungua leo, simjui mtu ambaye ningeingia kumtafuta.