Chupa Imepasuka

Nakumbuka siku moja nimelala chali chini ya katapila, nikasikia miguu ikikimbia juu ya kokoto, kisha sauti ya kike ikihema: "Shemeji Saidi! Chupa imepasuka!"

Sikumwona, lakini sauti niliijua. Ni Zuhura, mdogo wake mke wangu Asumini.

Mwanangu, kila kazi ina Kiswahili chake. Sisi mafundi wa mradi wa karanga pale Nachingwea tulikuwa na chupa yetu: kikombe cha kioo chini ya pampu, kinachonasa uchafu wa dizeli. Kule mashambani, katapila zikipambana na visiki, vikombe hivyo vilipasuka ovyo, na dereva alimtuma yeyote anayepita aje kutuita. Haikuwa jambo la kukimbiza mtu. Unafunga koki ya mafuta, mashine inapumzika, fundi atafika. Basi nikajibu kule kule chini, kwa maringo ya kijana mwenye ovaroli mpya:

"Mwambie afunge koki, asubiri!"

"Afunge nini?"

"Koki! Na asiguse kitu mpaka nije."

Wenzangu wakacheka. "Saidi siku hizi bwana mkubwa, haonekani ila miguu!"

Zuhura alikuwa binti mwenye haya; angefafanua nini mbele ya wanaume wale? Akarudi mbio. Mimba ya Asumini, kwa hesabu yangu, ilikuwa bado. Hata haikunipitia akilini.

Baadaye nikasikia miguu tena, safari hii mingi na ya polepole. Nikajitoa uvunguni. Majirani walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake Asumini, khanga imelowa, ameuma midomo. Kando yake Bi Somoe, mkunga wa kijiji chetu. Akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Haya, fundi. Ifunge hiyo koki."

Ndipo nilipoelewa. Kwa wakunga, chupa ni ule mfuko laini wa maji anamolala mtoto tumboni. Ikipasuka, mtoto yuko njiani. Na wetu alikuwa ametanguliza mguu. Mkono wa Bi Somoe haukutosha. Ilitakiwa hospitali, na gari lilikuwa kwetu karakanani.

"Bi Somoe, nisamehe..."

"Gari, Saidi. Utalia baadaye."

Tukapewa lori. Hospitalini nikakimbilia dirisha la kwanza nililoliona, la dawa. Siku zile mgonjwa alikwenda na chupa yake ya kutilia dawa. Mtoa dawa hakuinua hata macho.

"Chupa iko wapi?"

"Imepasuka!"

"Kanunue nyingine sokoni."

"Bwana, sokoni haiuzwi!"

Foleni nzima ikacheka. Nilichompa Zuhura asubuhi, sasa nilikuwa nakila mwenyewe.

Bi Somoe akanisogeza kwa kiwiko. "Baba, kuna mwanamke kwenye lori anajifungua. Mtoto katanguliza mguu." Neno chupa hakuligusa. Mtoa dawa akatoka mbio, akapiga kelele kuwaita wauguzi.

Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Kisha akalia. Mwanangu, ngoma zote nilizocheza jandoni na harusini hazijafikia utamu wa kilio kile.

Bi Somoe aliendelea kuja nyumbani kumkanda Asumini kwa maji moto. Siku ya mwisho nilimwomba radhi tena.

"Hatukusikilizana, mwanangu," akasema. "Mimi nilituma neno la wakunga kwa mafundi. Wewe ulikuwa na mdomo, hukuuliza chupa ya nani."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mimi naongeza: kufafanua si kujishusha. Unakwenda kujifunza kazi, nawe utarudi na maneno yake. Yapende. Lakini ukilitoa neno karakanani, livue ovaroli kwanza, mwenye nyumba alitambue. Na likikujia mbio, usilijibu ukiwa uvunguni. Toka, umtazame usoni aliyelileta.

Nami nakuombea alivyoniombea Bi Somoe siku ile ya mwisho, mkono wake wenye joto la maji kichwani pangu: "Mungu akupe sikio lisilokisia, na ulimi unaomfikia mwenye shida."

Kisha akajifunga khanga yake, akamchungulia mtoto aliyelala, akatoka, na mlango akaurudishia taratibu nyuma yake, asimwamshe.