Wakingoja Dosie ya Uganda

Juzi nikiuza chai mbele ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, hapa Bunia, mama mmoja alimuuliza karani: "Munafunga mutoto wangu, ushahidi iko wapi?"

"Mama, Uganda inasema aliua mutu kule. Imeomba tumushike kwanza asikimbie. Dosie yao, zile karatasi za ushahidi, ikichelewa sana, tutamuachilia."

Mama akakaa kwenye benchi yangu, akamuomba Mungu dosie ichelewe.

"Mimi naomba ifike," alisema mwanamke aliyekuwa pale. "Bwana yangu ndiye aliuawa."

Mama akafungua sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyomletea mwanawe, akaisogeza katikati. "Kula, dada. Siye wote tunangoja."

Walikula, macho yao kwenye barabara ya Mahagi, ile inayotoka mpaka wa Uganda. Kushikwa kwa mwana huyo, sheria inakuita kukamatwa kwa muda. Mimi sikujua nimtakie nani heri.