Alimpa mama yake pole ya kazini

Saa moja asubuhi, chumba cha simu kwenye ghorofa ya tatu tayari kina joto la miili. Viti vimepangwa mistari, kila kimoja kimetengwa na jirani yake kwa ubao wa kijivu, na kila mtu anazungumza na mtu asiyemwona.

Mwanamke wa kiti cha dirishani anavaa spika zake za masikioni. Anakohoa kidogo kusafisha koo, anabonyeza kitufe. Sauti ya mwanamume inaingia ikiwa tayari imepanda.

"Nimelipa tangu jana! Mpaka sasa picha hakuna! Mnataka nikatazame mpira kwa jirani?"

"Samahani sana, mpendwa mteja, kwa usumbufu uliojitokeza," anajibu mwanamke, taratibu na kwa upole. "Naomba namba ya king'amuzi chako."

Maneno hayo yameandikwa kwenye kioo cha kompyuta mbele yake, lakini hayatazami. Macho yake yako nje, kwenye paa la jengo la pili, ambako fundi anaziba bati. Midomo inafanya kazi peke yake.

Wenzake wanamwita Kanda. "Ukimbonyeza tu, anaimba yale yale," anasema jirani yake wa kiti, na Kanda mwenyewe anacheka. Jina lake halisi ameomba lisiandikwe gazetini.

"Siyo kwa sababu ya kazi," anasema. "Kwa sababu ya mama."

Kanda ana umri wa miaka thelathini na minne na analea binti mmoja. Kwa miaka sita amekuwa akipokea simu za wateja wa kampuni ya ving'amuzi, kiasi cha simu tisini kwa siku. Msimamizi husikiliza baadhi ya simu hizo bila kubisha hodi, ila taa ndogo huwaka kwenye kona ya kioo, na kila anayetoka nje ya mwongozo hukatwa alama. Alama ndizo zinazoamua marupurupu ya mwisho wa mwezi.

"Hapa ukiongeza maneno yako, unapunguza mshahara wako," anaeleza. "Kwa hiyo nikayaacha maneno yangu nyumbani. Baadaye nikayasahau hata huko."

Hakujua ameyasahau kiasi gani mpaka siku mama yake alipompigia.

Ilikuwa mchana, wakati wa mapumziko. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na chakula chake mapajani, masikio bado yanauma. Simu yake ikaita, akapokea huku anatafuna.

"Mama aliniita kwa jina langu kamili. Akasema, 'Mwanangu, dada yangu ameniacha.'"

Kanda anakunja kona ya kitambaa cha meza ya mgahawa tulipoketi, anaikunjua, anaikunja tena.

"Nikamwambia, 'Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza.'"

Mama yake hakupiga kelele. Alirudia neno moja tu, "Usumbufu?", kama mtu aliyeokota kitu asichokifahamu. Kisha simu ikakatika.

Aliyefariki alikuwa mama mkubwa wa Kanda, dada wa pekee wa mama yake, mshonaji wa nguo aliyeishi nyumba moja nao tangu Kanda anatambaa. Ndiye aliyemfundisha kusema.

"Mama mkubwa hakukubali neno 'kitu'," anakumbuka. "Nikimwambia nipe kile kitu, ananiuliza, 'Kitu hakina jina? Wazazi wake hawakukipa?' Basi ilibidi nijue: huu ukosi, hili pindo, hiki kishikizo. Nikikosea ananichekea, nikipatia ananipa kipande cha kitambaa nimvalishe mwanasesere wangu. Na mtu huyo ndiye niliyemwita usumbufu."

Msibani alifika siku hiyo hiyo, akalia na wengine, lakini habari ilikuwa imefika kabla yake. Nani aliisambaza hajui mpaka leo. Wakati wa kuosha vyombo, binamu yake mmoja alimpokea sufuria akamwambia kwa sauti ya puani, "Karibu, mpendwa mteja." Wanawake wawili wakageuza nyuso ili wasicheke. Mama yake alikuwa hapo hapo, anapangusa sahani. Hakucheka, wala hakumtetea.

"Ningefurahi kama angenipiga kofi," anasema Kanda. "Kofi unalia, linaisha. Yeye alinipa sahani nikaziweke kabatini."

Tangu hapo mama yake hakumpigia tena. Habari za nyumbani zilimfikia kupitia mdogo wake wa kiume: mama anaumwa goti, mama amepaka rangi jikoni. Kanda akipiga, mama anapokea, anasema hajambo, anaaga. Kumwomba radhi Kanda alitaka, ila kila alipofungua mdomo neno la kwanza lililokuja lilikuwa "samahani", na samahani ndiyo iliyomponza.

Ukurasa uligeuka kwenye shule ya chekechea anakosoma bintiye.

Jioni moja alipokwenda kumchukua, mwalimu alimlaki akicheka. Mtoto mmoja alikuwa ameanguka uwanjani na kuchubuka goti. Binti wa Kanda alimwinamia, akampapasa begani na kumwambia, "Pole, mpendwa, kwa usumbufu uliojitokeza."

"Nilimsimulia kama kichekesho," anasema mwalimu, mwanamke mfupi mwenye chaki kwenye kila nguo. "Nikaona mama mtu anatokwa na machozi. Nikajua hapa nimegusa donda."

Kanda alimweleza yote pale pale, wamesimama kando ya ndoo ya kunawia mikono. Mwalimu hakumpa ushauri. Alimwambia tu kwamba kila Jumamosi alasiri watu wazima kadhaa hukutana darasani mwake kuandika mashairi na hadithi, na kwamba hakuna kiingilio ila kuvumilia viti.

Viti vyenyewe ni vya watoto wa miaka mitano. Jumamosi tuliyotembelea, muuza nyama mwenye kifua kama mlango alikuwa amekaa magoti yakikaribia kidevu. Kando yake walikuwa mlinzi wa benki aliyetoka zamu na muuguzi aliyevua viatu. Ukutani wanyama wa kuchora wanatabasamu.

Siku ya kwanza ya Kanda, mwalimu aliwapa zoezi: kila mtu aandike kipimo kisichohitaji mizani wala rula.

"Nikajiambia, nimekuja kupoteza muda," anasema Kanda. "Mara muuguzi akasoma la kwake, 'lepe la usingizi'. Mlinzi akasema 'funda la maji'. Muuza nyama akasema 'konzi ya chumvi', akakunja ngumi tuione. Nilikuwa nayajua maneno yote hayo! Lakini ilikuwa kama kukutana na watu niliosoma nao, wamenenepa, wamependeza, na mimi nilidhani wamekufa."

Yeye aliandika "shibiri".

Mama mkubwa alikuwa akimpima kwa shibiri kabla hajamkatia gauni, kidole gumba na kidole kidogo vikitembea mgongoni kama mdudu. Kanda alilitazama neno hilo kwenye karatasi, akavisikia vile vidole. Aliomba ruhusa ya kutoka nje na hakurudi siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Mwalimu aliwafundisha kugonga meza kuhesabu mizani, silabi nane huku na nane kule, na kutafuta vina. Muda si mrefu Kanda akawa anagonga kidole hata kazini.

"Mteja mmoja alinitukana, akasema, 'Ninyi ni wezi wakubwa, mnatula bila haya.' Nikahesabu: nane kwa nane, kamili! Nilitaka nimwambie, baba, endelea, bado mistari mitatu."

Lakini shairi alilolihitaji lilikuwa moja. Alilihangaikia majuma kadhaa, akaliandika na kulifuta. Alipolisoma darasani aliwageuzia wenzake mgongo, akawa anausomea ukuta:

Mama ulinipigia, ukaniita kwa jina,
Nami nikakuambia, neno lisilo maana,
Machozi yakikujia, yangu mimi sikuona,
Leo ninakurudia, mama nipe la kunena.

Muuza nyama alipangusa macho kwa kiganja. Muuguzi alimwambia ampigie mama yake haraka, kabla moyo haujapoa.

Akampigia, amekaa kwenye kiti kile kile kidogo baada ya wenzake kuondoka. Alimwomba mama yake asikate, akamsomea ubeti wote.

Mama akasema, "Vina umepatia."

"Asante, mama."

"Ila niambie. Dada yangu yuko wapi humo?"

Kanda alilitazama shairi lake.

"Umekosea wewe, umeaibika wewe, sasa unataka nikupe la kusema, wewe," mama aliendelea, bila hasira. "Aliyekufa nani, mwanangu?" Akamtakia usiku mwema, simu ikakatika.

"Aibu ya kwanza ilikuwa ya ulimi," anasema Kanda. "Hii ilikuwa ya moyo. Nilikuwa nimeandika shairi la kujionea huruma, nikamletea mfiwa anipigie makofi."

Alijaribu kumwandika mama mkubwa, akagundua kwamba hamjui. Alijua vidole vyake na maneno aliyomfundisha yeye. Hakujua marehemu alipenda nini, aliogopa nini, kwa nini hakuolewa. Miaka yote waliyokaa nyumba moja hakuwahi kumuuliza.

Halafu likatokea lingine, ambalo Kanda analisimulia akiwa ameinamisha uso.

Mzee mmoja alipiga simu kazini kutaka kusitisha huduma ya king'amuzi cha mke wake. Akasema mkewe amefariki, na yeye mwenyewe hana haja ya kutazama chochote. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kwa muda mrefu kabla ya kupiga.

Kanda alikuwa na maneno. Safari hii anasema yalikuwa tayari kinywani, anayaonja. Lakini kwenye kona ya kioo taa ndogo ilikuwa inawaka: msimamizi anasikiliza. Na mwezi huo ada ya mtoto ilikuwa bado.

"Nikasoma," anasema. "Baada ya yote yale, vina na mizani na machozi, nikamsomea mzee wa watu usumbufu uliojitokeza."

Msimamizi wake, kijana mpole aliyekubali kuzungumza nasi, anakumbuka simu hiyo. "Nilimpa alama zote," anasema, halafu anajikuna shingo. "Mwongozo sikuuandika mimi. Mimi pia nasikilizwa."

Jioni hiyo Kanda alimpigia mama yake hata kabla hajavua viatu. Hakusoma shairi.

"Mama, leo nimefanya tena," akamwambia, akamsimulia habari za yule mzee.

"Alikujibu nini?" mama akauliza.

"Alisema asante, binti yangu."

"Basi ana adabu kuniliko. Mimi nilikukatia simu."

Kanda anasema alitamani kuongeza neno, akajizuia. Alisikia mama yake akivuta kiti, akikaa, akiguna kwa sababu ya goti.

"Unajua kilichoniudhi pale msibani?" mama akasema. "Si wewe peke yako. Kila aliyekuja ananiambia, 'Dada yako ameacha pengo.' Mmoja baada ya mwingine, ameacha pengo, ameacha pengo. Nami nafikiri, jamani, hawa walimjua kweli? Pengo alikuwa nalo mwenyewe, hapa mbele, tangu tuko wasichana! Maisha yake yote alikata uzi kwa meno, namwambia tumia mkasi, hasikii, mpaka jino likang'oka. Akicheka anajifunika mdomo. Hakuacha pengo lolote. Kaondoka nalo."

Na mama akacheka. Kicheko kikamponyoka, kikageuka kilio, na Kanda akalia naye, kila mmoja upande wake wa simu. Hakuna aliyempa mwenzake pole.

Siku hizi mama hupiga mwenyewe, kwa kawaida Jumapili, mara nyingi bila salamu. Anaanza katikati: "Aliogopa radi, huyo." Au: "Kulikuwa na mwanamume, fundi saa. Nitakwambia siku nyingine." Kanda anasikiliza na kuandika baadaye, akishakata simu, kwa sababu mama hataki kusikia kalamu inakwaruza.

Bado hajasamehewa, kwa maoni yake. Binamu yake bado anamwita mpendwa mteja. Kazini bado anasoma mwongozo, na hilo linamuuma zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa anayasikia maneno yanavyopita matupu. Ameandika sentensi mbili za kuwaambia wateja waliofiwa, rahisi, za kibinadamu, anazotaka kumpelekea meneja. Zimo kwenye droo yake. Mara tatu amesimama kuzipeleka, na mara tatu ameishia chooni.

"Naogopa," anakiri. "Mashairi hayajanipa ujasiri. Yamenipa masikio tu. Lakini nitazipeleka."

Kwanza kuna likizo, ambayo imekubaliwa kwa mwezi ujao. Atakwenda na bintiye nyumbani kwa mama, wakae juma zima. Shairi la mama mkubwa limefika ubeti wa tano, na wa kwanza unaanza na jino. Darasa la Jumamosi limemsihi alisome kwao kabla hajasafiri, amekataa.

"Wa kwanza kulisikia ni mama," anasema, akisukuma kiti ili arudi zamu. "Na si kwa simu. Nitakaa mbele yake anione uso. Akisema dada yake hayumo, narudi kuandika."