Sikio la Kulia la Bibi

Mpaka leo nikiona shuka jeupe limeanikwa kambani, upepo ukalijaza na kulipigapiga, wivu hunipanda. Wengine shuka huwakumbusha harusi, au msiba, au siku ya kufua. Mimi hunikumbusha ndugu yangu Zuhura. Nacheka nikiandika hivi, lakini msidhani natania.

Shuka lenyewe lilikuwa la gari la sinema. Enzi zile nchi ilikuwa bado changa na kila mtu akiitwa ndugu, hata aliyekuchukia. Tulikaa Temeke, karibu na uwanja wa mpira uliokuwa mchanga mtupu. Mara mojamoja gari la serikali lilikuja jioni, vijana wakatundika shuka kubwa baina ya nguzo mbili, jenereta ikaanza kunguruma na kutoa harufu ya dizeli, na baada ya sala ya Isha mtaa mzima ulikuwa uwanjani na mikeka yake. Kwanza tulionyeshwa picha ya mafunzo: jinsi ya kuchimba choo, kuchemsha maji, kupanda mahindi kwa mistari. Sauti ya bwana shamba ilitoka kwenye spika kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, ikasikika mpaka viwandani Chang'ombe. Tukishavumilia hayo, mwisho tulipewa zawadi yetu, picha ya Masikio.

Jina lake halisi hatukulijua. Alikuwa mtu wa nchi ya mbali, mfupi, masikio yake yamesimama kama vishikio vya kikapu. Kijana wa gari alituambia kwamba mtu huyo hujitungia picha zake mwenyewe na kuzicheza mwenyewe. Maneno yake yalikuwa machache, na hayo machache yalikuwa ya lugha yao, lakini hatukuyahitaji. Mastelingi wengine walipigana na majambazi. Wetu alipigwa na vitu: milango, ndoo, ngazi. Kwa hiyo picha zake tulizipa majina ya vitu. Kulikuwa na ya Ngazi, alipokuwa fundi wa kupaka rangi. Kulikuwa na ya Hoteli, alipobeba sahani ukumbi mzima bila kumfikishia mtu hata moja. Na kulikuwa na ya Mbuzi, ambamo mbuzi alikula shela la bibi harusi siku ya harusi yenyewe.

Kuzipanga picha hizo, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, ndiyo ilikuwa siasa yetu watoto. Shabani, mtoto wa jirani, alikuwa mtu wa Ngazi, na alikuwa tayari kukunja ngumi kwa ajili yake. Mimi nilikuwa wa Mbuzi. Ubishi ukizidi tulikwenda kibarazani kwa Bibi, mama yake mama, atuamue.

Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili, akabaki na mwanga na vivuli tu. Tulimfanya hakimu kwa sababu hiyohiyo, kwamba asiyeona hawezi kupendelea. Mtaniuliza, asiyeona atapangaje picha? Alipanga kwa sikio, na sikio hilo lilikuwa mali yangu. Uwanjani nilikaa kuliani kwake, pua yangu imezama katika kanga yake iliyonukia udi, nikimwambia kila kinachotokea. "Kaingia. Kavua kofia. Mbuzi anamtazama. Mbuzi keshaanza kula shela." Bibi alitikisa kichwa na kutabasamu. Picha ilipokwisha, watu wakikunja mikeka na kuitana gizani, aliniuliza kila mara neno lilelile.

"Halafu?"

"Basi, Bibi. Imekwisha."

"Haya, mke mwenzangu. Ahsante."

Aliniita hivyo kwa utani wetu wa pwani, kwamba mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu alikwisha kufa, tukabaki mimi na yeye katika ndoa ile, na niliipenda vile ilivyokuwa. Bibi aliweka ya Mbuzi juu ya zote. Shabani alinung'unika, mimi nikatembea mtaani kama niliyekula shela mwenyewe.

Ndipo akaja Zuhura. Mama yake, mama yangu mdogo, alikuwa amehamia na mumewe kijiji cha ujamaa upande wa Rufiji, na shule huko ilikuwa bado kuezekwa. Zuhura akaletwa kwetu asome. Alifika na kikapu kimoja na kuku mmoja, mwembamba, mkimya, macho yake yakizunguka kila pembe ya nyumba. Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Niliugua usiku wa kwanza tu, aliponyweshwa uji kwa bilauri yangu na kuambiwa atalala na Bibi.

Kitanda cha Bibi kilikuwa cha mninga, kizito, chenye miguu iliyochongwa, na hakuna mjukuu aliyewahi kulazwa juu yake. Sisi tulilala mkekani ukumbini. Niliwasikia humo ndani wakinong'ona mpaka usingizi ukanichukua. Bibi akisema, Zuhura akiuliza, Bibi akicheka chinichini. Nilijiuliza wana nini cha kunong'ona, watu waliojuana tangu juzi.

Gari lilipokuja tena, Bibi alinigusa bega.

"Leo mpishe mwenzio, naye ajaribu."

Nilimpisha. Nilikaa ukingoni mwa mkeka na Shabani, nikiomba ulimi wa Zuhura ukwame. Ilikuwa ya Hoteli, picha niliyoijua kama njia ya kwenda dukani. Na Bibi akacheka. Hakutabasamu kama alivyonitabasamia mimi. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alicheka mahali ambapo Masikio hakuwa amefanya lolote, amesimama tu kitambaa begani. Kisha uwanja mzima ulipoangua kicheko, Bibi alikuwa kimya, ametega sikio. Tangu jioni ile Zuhura hakuwa wa kujaribu tena, zamu ikawa yake. Sikio lilikuwa limehama.

"Ahsante, mke mwenzangu," Bibi alimwambia tuliporudi nyumbani.

Nilikuwa na wivu, nasema wazi. Ulinikaa hapa, chini ya koo, kama kokwa la embe. Nilimwonea wivu kwa bilauri, kwa kitanda, kwa jina. Lakini hayo yote ningemwachia kama angenirudishia nafasi yangu kuliani kwa Bibi.

Jioni moja gari likaleta picha ya mbolea. Ilikuwa ndefu kupita zote: gunia, koleo, jasho, mahindi, na sauti ya bwana shamba ikihesabu faida za samadi. Watu walikuwa wanasinzia. Katikati ya samadi, Bibi akapasuka kwa kicheko. Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akacheka tena. Watu wakageuka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa chama asiyependa mzaha, akainuka na kuja mpaka kwenye mkeka wetu.

"Shikamoo, Bibi. Hapa pana kichekesho gani? Kilimo ndio uti wa mgongo."

"Marahaba, mwanangu. Nimefurahi tu. Mahindi yamestawi vizuri."

Balozi akarudi kukaa. Mimi nilidhani Bibi kayabahatisha hayo mahindi. Kilichonishughulisha ni midomo ya Zuhura, ambayo haikuwa imetulia tangu picha ianze, na uso wake uliokuwa umegeukia kwa Bibi badala ya kutazama shuka. Masikio hakuja jioni ile. Jenereta iliharibika, tukarudi nyumbani na samadi yetu.

Siku za masika uwanja ulijaa maji na gari halikuja. Tukabaki kibarazani tukizipanga zile tulizonazo, mvua ikilia juu ya bati. Shabani akaanza na Ngazi yake kama kawaida. Bibi akainua mkono.

"Ya kwanza ni ile ya Kitanda."

Tukatazamana. Shabani akauliza ni ipi hiyo.

"Anahama nyumba, kajitwika kitanda kichwani. Mvua inamkuta katikati ya barabara. Anakitua palepale, anaingia mvunguni. Anapita mama mmoja na kuku wake, 'Hodi, pana nafasi?' Anaingia. Anakuja mwalimu, anaingia. Anakuja mtu na baiskeli. Mwisho anakuja balozi kuwaandikisha, kwamba hiyo nayo imekuwa nyumba."

Shabani alicheka mpaka akajigonga ukutani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu, na moyo ulinienda mbio kwa furaha mbaya. Nchi gani ya Wazungu ina balozi wa nyumba kumi?

"Bibi," nikasema, "picha hiyo haipo. Jioni ile uliyocheka sana walionyesha mbolea. Zuhura kakudanganya, na ya Hoteli pia kakudanganya. Hasemi kilichopo. Hata hatazami."

Zuhura aliinama, akawa anachora sakafuni kwa kidole. Nilingoja Bibi amfukuze kibarazani. Nilikuwa nimekwisha kujiona kuliani kwake gari litakaporudi. Nikaongeza na methali ili nimalize kabisa.

"Njia ya mwongo fupi, Bibi."

"Fupi," akasema, "na mie miguu inaniuma, ndefu siiwezi." Kisha akacheka kidogo, akanitafuta kwa mkono mpaka akanishika kisogo. "Mjukuu wangu, mie macho ndiyo yamekufa. Masikio ni mazima. Bwana shamba nilimsikia tangu gunia la kwanza."

"Sasa kwa nini ulicheka?"

"Kwa sababu kile kitanda ni changu. Babu yenu alikibeba kichwani kutoka mtaa wa Gerezani, siku tuliyohamia huku. Mvua ikatukuta Keko. Tukaingia mvunguni, mie na yeye, watu wanapita wanatutazama. Zuhura kaniuliza kitanda kilifikaje hapa, nikamwambia. Mwalimu na kuku kawatia yeye." Akanipapasa kisogo, bado anatabasamu. "Jioni ile ya mbolea nilimwona mume wangu, kalowa, kakasirika. Nilimwona kabisa."

Akatangaza hukumu: ya Kitanda kwanza, ya Mbuzi pili, ya Ngazi tatu. Shabani aliikubali mara moja, kwa sharti kwamba ya Hoteli iwe ya mwisho milele. Nilitaka kusema kwamba si haki, kwamba picha ambayo haikupita kwenye shuka haiwezi kushinda iliyopita, lakini kokwa lilikuwa limeziba njia. Usiku ule nilisusa ugali wa yanga, ule unga wa njano wa enzi zile. Nilikaa nyuma ya nyumba ningojee kubembelezwa, na niliporudi nikakuta Zuhura amekwisha kula sehemu yangu.

Tangu hapo Bibi alitukalisha wote wawili uwanjani, Zuhura kulia, mimi kushoto. Mimi nilimwambia kilichokuwapo, Zuhura alimwambia kisichokuwapo, na Bibi katikati yetu alisikiliza huku na huku, akicheka upande mmoja zaidi. Mpaka anafariki hakuacha kuniuliza "Halafu?" kila picha ilipokwisha. Na mimi, mtoto mkweli, sikuacha kumjibu kwamba basi, imekwisha.

Ilinichukua nusu ya umri kulisikia neno lile. Nilidhani ananiuliza kama imebaki picha nyingine garini, kumbe alikuwa ananikaribisha. Alinikaribisha miaka na miaka kabla ya Zuhura kuja na kikapu chake, kila mara shuka lilipozimika, na kila mara nilimfungia mlango kwa adabu kabisa. Kitanda kile nilikijua tangu kuzaliwa, nimekifuta vumbi, nimejificha mvunguni mwake, wala sikuwahi kuuliza kilifikaje pale. Nafasi niliyoililia haikuwa imeibwa na mtu. Ilikuwa wazi, nami nimeikalia bila kuitumia.

Mwaka jana mtoto wa jicho aliniingia na mimi. Nikapasuliwa jicho la kulia, nikapewa miwani myeusi ya kuvaa mpaka lipone. Zuhura akaja kutoka Goba kunitazama, bibi kizee kama mimi sasa, akiwa na kuku tena, safari hii amechinjwa. Alinikuta na miwani yangu, akadhani bado sioni, nami sikumwambia. Mjukuu wangu alikuwa ametafuta kwenye simu yake mpaka akapata picha za Masikio, akaiweka ya Mbuzi kwenye televisheni ili bibi zake waburudike.

Zuhura akavuta kiti, akakaa kuliani kwangu, akaleta mdomo sikioni.

Nilimwona Masikio waziwazi, na vishikio vyake vya kikapu. Nikamwona mbuzi akila shela, kama alivyolila Temeke, utepe kwa utepe. Picha ikaisha, kioo kikawa cheusi. Zuhura alikuwa bado anaendelea. Mbuzi, aliniambia, hakulila shela. Amelivaa, kakaa kitako kando ya bwana harusi, na sheikh anamuuliza kama ameridhia.

Wivu ukanipanda, uleule, chini ya koo. Ulimi ukataka kusema kwamba nimeona, kwamba hayo hayapo, kwamba imekwisha.

"Halafu?" nikamwuliza.